Mtaa wa Ng'ambo ya Rhine katika Mji wa Cincinnati

Katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, nchini Marekani, uko mtaa uitwao Over-the-Rhine, yaani Ng'ambo ya Rhine. Mto wa Rhine, kama tujuavyo, u Ulaya; wala mpakani mwa mtaa huo hakuna leo maji yo yote ya kuvuka. Twataka kueleza jinsi jina hilo lilivyopatikana, na jinsi lilivyodumu ijapokuwa lugha ya watu waliolisababisha imetoweka.

Asili yake ni mfereji, ulioanza kuchimbwa mwaka 1825 ili mashua zichukue mizigo kati ya mto Ohio na bara ya kaskazini. Ng'ambo ya mfereji Wajerumani walijenga nyumba zao za matofali, nyembamba na ndefu kwenda juu, na wengi zaidi wakaja baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 kushindwa kwao. Mtu wa mjini alipovuka daraja alisikia Kijerumani sokoni, kanisani na katika vilabu vya bia. Basi mfereji ukaitwa Rhine, kwa mzaha. Wasomaji wetu wa Unguja wataelewa upesi, kwa kuwa kwao pia Ng'ambo ni upande wa pili wa hori. Na hori lile limekwisha kufukiwa, jina lipo.

Mzaha ule haukuwa bila ukali. Katika uchaguzi wa Aprili 1855 chama cha watu waliochukia wageni kilitaka kuushika mji, na masanduku ya kura ya mitaa ya Wajerumani yakashambuliwa. Wajerumani wakaziba madaraja ya mfereji na kuyalinda kwa silaha. Siku zile mfereji ulikuwa boma kweli kweli. Hata hivyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea mwaka 1861, wana wa watu hao hao waliunda kikosi cha tisa cha Ohio, nacho kiliamrishwa kwa Kijerumani.

Kwa habari ya lugha, jambo kubwa ni shule. Tangu mwaka 1840 shule za serikali za Cincinnati zilifundisha kwa Kiingereza na kwa Kijerumani (au Kidachi, kama wazee wa pwani walivyosema, wakilifuata jina ambalo watu wenyewe hujiita). Gazeti la Volksblatt lilipigwa chapa huko tangu 1836. Kwa miaka themanini hivi mtoto aliweza kukua katika lugha ya babu yake, naye ni raia wa Marekani asiyepungukiwa na kitu.

Ndipo Marekani ilipoingia vitani na Ujerumani mwaka 1917. Mwaka uliofuata baraza la mji likabadili majina ya njia: Bremen Street ikawa Republic Street, Berlin Street ikawa Woodrow Street, na German Street, kama kwa dhihaka, ikawa English Street. Mwaka 1919 sheria ya Ohio ikakataza Kijerumani kufundishwa katika madarasa ya chini. Mahakama kuu ya Marekani iliitangua mwaka 1923, lakini walimu walikuwa wamekwisha kutawanyika. Wako wasemao kwamba lugha ile ingalikufa tu, maana matajiri walikuwa wakihamia vilimani na watoto wao wakizungumza Kiingereza. Hayo ni kweli, ila twaona kwamba lugha iachwayo na wenyewe si sawa na lugha inyamazishwayo, hata kama mwisho wake ni mmoja.

Marufuku ya pombe ikafunga viwanda vya bia. Mfereji nao ulikaushwa, na tangu 1920 wakachimba humo njia ya reli ya chini ya ardhi, ambayo haikupata kumalizika; juu yake barabara pana ya Central Parkway ikafunguliwa mwaka 1928. Baadaye jamaa nyingi za Wamarekani weusi, waliobomolewa makao yao ya West End ili barabara kuu ipite, walihamia katika zile nyumba za Wajerumani. Wao nao wakaliita pahali pale kwa jina lile lile. Siku hizi wakazi hulifupisha, wakalitamka kwa herufi tatu tu, O-T-R.