Jembe na Lugha: Hisani kwa Wakimbizi wa Ulyankulu

Msafiri atokaye Shinyanga, akapita Kahama na kushika njia ya kusini, huiacha nyuma nchi ya mbuga na ng'ombe akaingia katika miombo ya Unyamwezi. Katika miombo hiyo ndimo yalimo makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Kaskazini yake iko dhahabu ya Bulyanhulu, na mbele zaidi dhahabu ya Geita. Watu walioletwa Ulyankulu tangu mwaka wa 1972 hawakufuata dhahabu. Walikuja wakiwa hawana kitu, nao walipewa jembe, shoka na mbegu.

Kisa chao hakifahamiki vema bila ya kurudi nyuma hadi mwaka wa 1959, mwaka uliotoa wakimbizi katika pande mbili za dunia zilizo mbali kabisa. Mwezi wa Machi Dalai Lama alivuka milima akaingia India, na maelfu ya Watibeti wakamfuata. Mwezi wa Novemba moto uliwaka Rwanda, na Watutsi wengi wakakimbilia nchi jirani, Tanganyika ikiwa mojawapo. Watibeti walipewa ardhi na serikali ya India, kama vile huko Bylakuppe; na mwaka wa 1960 Tsering Dolma, dada wa Dalai Lama, alianza kulea watoto wakimbizi mjini Dharamsala. Kutokana na kazi hiyo ulikua utaratibu wa ufadhili ambao kwao mtu wa Ulaya au Marekani humchukua mtoto mmoja, akamlipia chakula na masomo, na mara nyingi wakaandikiana barua. Fedha hizo hazikununua unga tu. Zilimlipa mwalimu wa Kitibeti, zikasaidia utawa na sanaa, kwa sababu Watibeti wenyewe walisema tangu mwanzo kwamba watu wao wakisahau lugha watakuwa wamepotea hata kama wameshiba.

Wanyarwanda waliokuja Tanganyika walipata hisani ya namna nyingine. Walipewa mahali pa kukaa Muyenzi, wilayani Ngara, na kwingineko. Mwaka wa 1964 makanisa ya Kilutheri ya ulimwengu, ambayo shirikisho lao liko Geneva, yaliunda chombo cha kuwahudumia, nacho kikaitwa Tanganyika Christian Refugee Service, au kwa ufupi TCRS. Jina la Tanganyika limeganda humo hadi leo, ingawa nchi ilibadili jina mwaka ule ule. Kazi iligawanywa pande tatu: serikali ilitoa ardhi na utawala, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likatafuta fedha, na TCRS ikajenga. Mtoaji wa Ujerumani au Uswidi aliyetia sadaka yake kikapuni Jumapili hakupewa jina wala picha ya mtoto. Sadaka yake iligeuka kisima, zahanati au barabara.

Mpango huo ndio uliokuwa tayari misiba ya Burundi ilipotokea. Kuanzia mwezi wa Aprili 1972, baada ya maasi kusini mwa nchi, jeshi la Burundi liliwaua Wahutu kwa wingi, na waliosoma ndio waliosakwa kwanza: walimu, makarani, wanafunzi. Watu wapatao laki moja hukisiwa kuwa waliuawa, na wengi husema hesabu ilikuwa kubwa zaidi. Waliovuka mpaka waliondolewa kando yake na kupelekwa bara: Ulyankulu kwanza, kisha Katumba, upande wa Mpanda.

Huko Ulyankulu msitu ulipimwa, barabara zikakatwa na kupewa nambari, na kila jamaa ikaonyeshwa kiwanja chake. Chakula cha msaada kilitolewa mpaka mavuno yalipotosha. Kwa miaka michache watu wale waliuza mahindi na tumbaku, na wageni waliokuja kukagua waliondoka wakisifu. Sifa ilikuwa haki yao, lakini ardhi haikusifiwa na wenye kuilima: watu walikuwa wengi mno na maji machache. Basi tangu mwaka wa 1978 maelfu kwa maelfu walihamishwa kupelekwa Mishamo, msitu mwingine, wakaanza tena kufyeka. Mtu aliyekwisha poteza nyumba moja kwa upanga alipoteza ya pili kwa hesabu ya visima.

Kadhalika hawakuwa huru kwenda watakako. Sheria ya wakimbizi ya mwaka wa 1965 ilimtaka mkimbizi awe na kibali kabla ya kutoka katika makazi. Dhahabu ilipowavuta vijana wa kila kabila kwenda Kahama na Geita katika miaka ya 1980, kijana wa Ulyankulu aliyejiunga nao bila ya kibali alikuwa mkosaji.

Na lugha je? Hapo ndipo hisani ya Tanzania ilipoachana kabisa na ile ya Dharamsala. Shule zilijengwa, na shule zilifundisha kwa Kiswahili kama shule zote za nchi. Hakuna aliyemlipa mwalimu wa Kirundi. Hili halikuwa dharau. Nchi iliyokuwa ikiunganisha makabila zaidi ya mia moja kwa lugha moja haikuona sababu ya kumtenga mgeni. Hata hivyo, kumbukumbu haikungoja mfadhili. Liisa Malkki, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekaa Mishamo katika miaka ya 1985 na 1986, alikuta watu wakisimuliana historia ya kwao kwa ukamilifu wa ajabu, ilhali wenzao waliojichanganya na wenyeji katika mji wa Kigoma walipenda kuusahau ukimbizi. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na ukali wake pia: chama cha PALIPEHUTU kilizaliwa Mishamo mwaka wa 1980. Misaada iliyodhaniwa kuwa ya majembe tu ilikuwa imelea siasa bila ya kujua.

Lakini Ulyankulu ilizaa na kitu kingine. Ziliundwa kwaya, na mojawapo ikajiita kwa anwani yake, Barabara ya 13. Nambari ya mpima ardhi ikawa jina la sifa, na nyimbo zake za Kiswahili zikapendwa nchini kote na watu ambao pengine hawakujua kwamba barabara ile ilikatwa kwa ajili ya wakimbizi. Ni vigumu kuona mfadhili gani angeweza kuupanga utamaduni wa namna hiyo.

Suala la uraia lilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka wa 1980 Tanzania iliwafungulia mlango Wanyarwanda wapatao 36,000, na mwaka wa 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen. Warundi wa 1972 walingoja hadi mwaka wa 2007 ndipo wakaulizwa kama watarudi au watabaki. Wengi walichagua kubaki, na wapatao 162,000 wakakubaliwa. Kwanza waliambiwa kwamba makazi yatavunjwa nao watatawanywa mikoani. Kwa hiyo hati zao zilizuiliwa kwa miaka.

Wakati hati zikingali zimezuiliwa, ilianza Operesheni Kimbunga, mwezi wa Septemba 2013, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walioonekana kuwa wageni walifukuzwa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa Tanzania miaka mingi, na hata waliozaliwa humo. Mzee aliyelima miongo minne hakuulizwa amelima nini. Aliulizwa karatasi.

Mpango wa kuwatawanya watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo uliachwa. Mwezi wa Oktoba 2014 hati zilianza kugawiwa, na wenye kuzipokea wakarudi katika barabara zao zenye nambari, ambako mashamba yalikuwa yakingojea mvua.