Vitabu vya Kiingereza na Mtoto wa Singida

Tukizungumzia vitabu vya Kiingereza vya shule za msingi, ubishi huishia kwenye picha: eti zamani walichora theluji na matufaa, siku hizi wanachora maembe na alizeti, basi mambo yamekaa sawa. Mimi picha hazinisumbui sana. Kinachonisumbua ni jinsi kitabu kinavyodhani mtoto anafikiri.

Mchukue F. G. French. Alifanya kazi ya elimu Burma, kisha akaandika New Oxford English Course, iliyopata toleo la Afrika Mashariki miaka ya 1950. Mwaka 1960 akatoa English in Tables, kitabu kizima cha majedwali. Mtoto anaokota neno moja kila safu, sentensi inatoka sahihi. Tumpe haki yake: mwalimu mwenye darasa limefurika na kitabu kimoja tu alichora jedwali ubaoni, kazi ikaenda. Ila jedwali halimuulizi mtoto ametoka nyumbani na lugha gani.

Sasa njoo Singida. Mtoto wa Kinyaturu wa Ikungi, au wa Kinyiramba kule Kiomboi, anatoka kwenye lugha isiyotenganisha mwanamume na mwanamke katika neno “yeye”. Kiswahili anachokikuta shuleni nacho hakitenganishi. Kwa hiyo “he” na “she” zinamletea swali ambalo hajawahi kuulizwa: kabla hujasema amefanya nini, amua kwanza ni wa kike au wa kiume. Kwenye jedwali atapatia, akitoka nje mama yake anakuwa “he”. Lakini mkoa huohuo, wilayani Mkalama, wapo watoto wa Kihadzabe ambao lugha yao hupanga nomino kwa uke na uume. Kwao swali hilo si geni hata kidogo. Wote hawa tunawapa ukurasa mmoja!

Historia iliyobaki mnaijua. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ikapendekeza sekondari nayo ihamie Kiswahili, haikuwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd wakaeleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea.

Jaribio lililonivutia ni la miaka ya 2010, la Chuo Kikuu cha Bristol na Chuo Kikuu cha Dodoma: sura za vitabu zenye sentensi fupi, maana za maneno kwa Kiswahili, na nafasi ya kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza. Bahati mbaya zilikuwa za kidato cha kwanza. Mtoto kashatembea miaka saba gizani!

Mtaala mpya umerudisha Kiingereza darasa la kwanza, baada ya ule wa 2015 kukiondoa. Basi ukurasa wa “he” na “she” uanze kwa watoto kuulizana, kwa Kiswahili au hata Kinyaturu: nikisema tu “amekuja”, umejuaje ni bibi au babu? Watabishana. Wakiwa katikati ya ubishi, mwalimu aandike ubaoni: “She has come.”