Somo la Leo: Kazi na Vijana wa Njombe

Ndugu msikilizaji, mwanao akimaliza shule atafanya kazi gani? Wakati wa ukoloni, vijana wengi wa Njombe walikwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba. Wengi walitia dole gumba katika karatasi wasiyoweza kuisoma. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati hapa Njombe. Magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi, na kazi ikasogea karibu na nyumbani. Mwaka 1975 reli ya TAZARA ilikamilika, ikapita Makambako, nayo ikahitaji mafundi na makarani. Umeona? Mkonge ulitaka mikono. Reli ilitaka na elimu. Basi usimchagulie mtoto kazi gizani. Mpeleke akawaone wanaoifanya, awaulize ujuzi unaotakiwa, na mkataba ausome mwenyewe.