Pori Lililoitwa Ardhi Tupu



Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Mfalme Leopold wa Pili ulitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Wakati huo Kasongo ilikuwa bado mikononi mwa watu wa Tippu Tip. Majeshi ya Bula Matari yaliuteka mji mwaka 1893, na amri ile ikaja nyuma yao.

Kosa lilikuwa katika neno moja. Shamba likichoka, mababu zetu wa Wamaza waliliacha lirudi kuwa pori, hata watoto wao walirudie. Pori hilo lilikuwa na mwenyewe: ukoo ulijua nani alilifyeka kwanza, wapi hapawindwi, wapi wamelala marehemu wake. Mgeni hakuona nyumba wala moshi, akaandika kwamba ni tupu. Pumziko la udongo likahesabiwa kuwa ni kutelekezwa kwake.

Uhuru haukulifuta kosa hilo. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudisha ardhi kwa Serikali ya Kongo, si kwa koo. Sheria ya mwaka 1973 ilisema kwamba haki za wanavijiji juu ya ardhi yao zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ikapita, amri hiyo isitolewe.

Ndipo ikaja Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002. Nayo yasema msitu ni wa Serikali, lakini kifungu chake cha 22 kinaruhusu jamii kuomba msitu inaoumiliki kwa desturi. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza jinsi ya kuomba: hati hutolewa bure na gavana wa mkoa, haina mwisho wa muda, na eneo lisizidi hekta 50,000. Maneno hayo, "haina mwisho wa muda", yanastahili kusomwa taratibu. Nabothi alimkatalia mfalme Ahabu shamba la mizabibu kwa sababu hiyohiyo: lilikuwa la waliomtangulia, na kwa hiyo la watakaomfuata. Papa Fransisko naye, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliuita wajibu kwa vizazi vijavyo suala la haki, wala si la hiari.

Tukiri pia kwamba si Bula Matari anayechoma makala leo. Ni sisi, na tunakata hata miti michanga.

Anayeomba hati hutakiwa kuonyesha ramani ya msitu na mipaka iliyokubaliwa na majirani. Mipaka ya koo zetu nyingi haijaandikwa popote. Wazee huitaja kwa kijito, kwa jiwe, kwa mti fulani, na tangu Pasaka tumewazika wawili kati ya hao.