Neno "Kali" na Makali Yake

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ndani ya usemi huo limo neno dogo lenye kazi kubwa katika Kiswahili: kali.

Ndugu msikilizaji, kisu ni kikali, mbwa ni mkali, pombe nayo ni kali. Kote humo neno linatahadharisha: angalia, utaumia. Lakini nenda uwanja wa mpira au karakana ya fundi, utasikia, "Yule jamaa ni mkali!" Hapo hawamwogopi, wanamsifu. Makali ya chuma yamehamia kwa mtu: ana ari, na kazi yake anaijua.

Safari ya neno hili ilionekana wazi jijini Nairobi. Mafundi wa Gikomba na Kamukunji walifua mabati chakavu wakapata majiko, masanduku na karai, bila paa vichwani. Wakaitwa jua kali. Jina lilikuwa la taabu. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieleza kwamba shughuli ndogondogo za namna hiyo zinazalisha mali na kuajiri watu, ingawa wakuu walizisumbua badala ya kuzisaidia. Ilipofika 1992, Serikali ya Kenya ilitoa waraka wa sera uliobeba maneno Jua Kali katika kichwa chake. Jina la taabu likawa jina la heshima.

Na sisi Tanzania? Mwaka 1983 tulitunga sheria ya Nguvu Kazi. Mijini, waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini, wakiwamo wachuuzi waliokuwa wakihangaika tangu alfajiri. Miaka 16 baadaye, mwaka 1999, maonyesho ya wajasiriamali wadogo wa Afrika Mashariki yalianza, yakabeba majina yote mawili: Jua Kali na Nguvu Kazi. Neno lililowatia watu mbio likawa bango la kuwakaribisha.

Hata hivyo, heshima ya jina haijawa heshima ya mwenye jina. Maonyesho yakifungwa tunampongeza fundi, kisha kesho yake mgambo wanabomoa kibanda chake. Tunasifu ukali wa mtu huku tukimnyima kivuli cha kufanyia kazi.

Ari ni makali, lakini kisu kisicho na mpini humkata mwenyewe. Mpini huo ni eneo la kudumu, mkopo na sheria inayomlinda. Tukiwapa hivyo, nyama italiwa na wengi.