Petna Ndaliko Katondolo na Usimamizi wa Sanaa Mjini Goma

Historia za sanaa huwataja watunzi, waimbaji na waigizaji. Ni nadra kumtaja aliyetafuta ukumbi, fedha na watazamaji. Mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, kazi hiyo imefungamana na jina la Petna Ndaliko Katondolo, mtengenezaji wa filamu na mwanzilishi wa kituo cha utamaduni cha Yole!Africa.

Mazingira ya kazi yake hayakuwa mepesi. Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma. Tangu 1998 mji ukawa makao ya waasi wa RCD, na tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Misiba hiyo ilivuta mashirika mengi ya misaada, nayo yakawa wafadhili wa sanaa: yaliagiza nyimbo, michezo na filamu za kuhamasisha umma. Aghalabu ujumbe ulikuwa umekwisha kuamuliwa kabla msanii hajaitwa.

Hapo ndipo penye kiini cha mchango wa Katondolo. Yole!Africa, iliyoanzia Kampala kabla ya kukita mizizi Goma, iliwafundisha vijana filamu, muziki na dansi ili wachague wenyewe la kusema. Tamasha la filamu la Salaam Kivu, lililoanza 2005, liliwapa jukwaa la kulisemea. Mtafiti Chérie Rivers Ndaliko, aliyeshiriki kukiongoza kituo hicho, aliuchambua mvutano kati ya hisani na uhuru wa sanaa katika kitabu chake Necessary Noise (2016).

Filamu za Katondolo zina msimamo huo huo. Jazz Mama (2010) inawaonyesha wanawake wa Kongo kuwa watu wenye nguvu, si wahanga tu. Kapita (2020) inazitumia picha za enzi ya ukoloni kuhoji uchimbaji wa mali ya nchi. Katika Kiswahili cha Kongo, kapita ni msimamizi wa vibarua: husimama kati ya mwenye mali na mtenda kazi.

Msimamizi wa sanaa naye husimama mahali hapo hapo. Akipokea tu maagizo ya mfadhili na kuyateremsha kwa wasanii, hana tofauti na kapita. Goma ilitekwa na M23 Novemba 2012, na tena Januari 2025. Kila mara wageni wengi wakausimulia mji huo. Thamani ya kazi ya Katondolo ni kuwaandaa wenyeji wajisimulie.