Ubaruku, Mji Uliozaliwa na Maji

Mgeni afikaye Ubaruku wakati wa mvua huona kwanza majaruba ya kijani, kisha mji. Ndivyo ilivyo historia yetu: maji kwanza, mji baadaye. Bonde hili la Usangu lilikuwa nchi ya Wasangu, chini ya watemi wa ukoo wa Merere. Katika karne ya 20 Wabaluchi waliohamia huku walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kumwagilia mpunga. Miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa China, ilijenga Shamba la Mpunga la Mbarali. Watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi, wakapata na makao. Shamba lilibinafsishwa, lakini mji haukuondoka.

Leo mashine za kukoboa zanguruma, na wanunuzi wa mchele waja kutoka mbali. Hata hivyo tusijisifu mno. Tangu 1993 Ruaha Mkuu, uyapokeao maji ya Mbarali, hukauka karibu kila kiangazi huko hifadhini. Basi tukisha kuvuna, na tufunge mabanio yetu. Maji haya tuliyarithi, nasi yatupasa kuyarithisha.